Ngangari Kaburini

...na kuku mwenyewe hawamleti, nimekaa humu kaburini tangu wachimbaji watoke, suruali ya kazini imekwisha, lakini mtani wa Kinyamwezi akishaingia kwenye kaburi la Mzaramo hatoki mpaka agombolewe, ndivyo tulivyoikuta dunia, na Hemedi mwenyewe, huyu tunayemzika leo, alipokuja Tabora kumzika baba yangu alilala shimoni akidai jogoo mweupe, mwekundu alimkataa, waombolezaji wakacheka huku wanalia... "Mwalimu Castory, toka bwana, jeneza limeshatoka msikitini," huyo Hussen, mdogo wake marehemu, kainamia shimo, sitoki, "Mtani ngangari huyu!" anasema mzee mmoja nyuma yake, na wewe mzee neno hilo ndilo umeliona leo, miaka yote kibarazani kwangu Visiga tumeligombea mimi na Hemedi, mimi nasema limetoka kwenye siasa, tulilisikia mikutanoni tukiwa vijana, maana yake hutikisiki, hurudi nyuma, Hemedi anasema siasa imeliokota tu, bibi yake hapa Msimbu alikuwa akiuita hivyo muhogo uliogoma kuiva, nikamwambia bibi yako hayupo, tutamuuliza nani, akanuna, akamaliza birika langu zima la kahawa huku kanuna... "Haya, kuku huyu hapa," kweli, namsikia akipiga mabawa, "Sitaki kuku, nataka jibu, lile neno ni la nani?" wananong'onezana, halafu Hussen, "Kaka alituusia kabla hajakata kauli, mwambieni Castory ameshinda, neno ni la siasa," huko juu wanashangilia, lo, nimeshinda... muongo mkubwa Hussen, Hemedi huyu huyu aliyembishia daktari ugonjwa wake mpaka daktari akaenda kumwita mwenzake, hata kwenye bao hakuwahi kukubali amefungwa, leo akubali kitandani? mnanipa ushindi wa bure nitoke, na nikitoka mnamwingiza yeye, halafu jioni nani atakuja kunibishia... tahlili imeshafika kwenye mikorosho, wabebaji wanakaribia, Hussen kanyoosha mkono, analia sasa, na mimi bado nimekaa, nafuta kamasi kwa mkono wenye mchanga, basi, bibi alijua, muhogo uliogoma kuiva ndio mimi huyu, neno ni lenu, Hemedi kashinda, kama kawaida yake, na hapa nimekalia mahali pake.