Nywele za Adolfu

Kila asubuhi, kabla ya chai, Maximilian alikaa mlangoni kwake, mtaa wa Izia, akainamisha kichwa na kudondosha dawa utosini. Aliipaka taratibu kwa ncha za vidole, kisha akangoja upepo wa baridi uikaushe. Jioni alirudia. Halfani, muuza dawa wa karibu na soko, hakumficha kitu: dawa hii huotesha nywele utosini zaidi kuliko kwenye paji, huchukua miezi, haimkubali kila mtu, na siku ukiiacha, zilizoota zitapukutika.

Ilimkubali. Mvua zilipochanganya, utosi ulikuwa umeshafunikwa. Mkewe, Silvana, aliutazama akimpakulia ugali, akasema nywele ni nzuri ila si zake. Za Maximilian, enzi alipokuwa nazo, zilikuwa nyeusi tii na ngumu. Hizi zilikuwa laini, za rangi ya udongo, na upande wa kushoto zilikuwa na kishungi cheupe, palepale ambapo marehemu kaka yake, Adolfu, alipigwa pembe na maksai wakati wa kulima. Maximilian alipapasa, akakuta na kovu. Akaendelea kula.

Wazee wa ukoo hawakupata shida kulieleza jambo hilo. Siku ya kuondoa matanga ya Adolfu ndugu wote walinyolewa, lakini wembe ulipofika kwa Maximilian, mnyoaji aliona upara, akaupitishia mkono wenye maji na kumruka. Kwa hiyo msiba ulimbakia kichwani. Siku hiyohiyo Maximilian alitangaza kuwa shamba la marehemu huko Kasense linarudi kwenye ukoo, maana yake kwake, kwa kuwa mjane, Rosina, hakuzaa. Hilo wazee hawakuligusa. Walishauri tu kwamba anyolewe, yaishe.

Rosina alisikia habari hizo huko alikopanga chumba. Akaja Jumapili jioni, akasalimia, akakaa.

“Shemeji, usinyoe,” alisema. “Niache nizichane.”

Alizichana polepole, kama alivyozoea. Zilikuwa zimelowa ingawa Izia kulikuwa kukavu. Mvua ilikuwa inanyesha Kasense. Chanuo lilitoka na udongo na ganda la harage. Zilinuka tumbaku, na Maximilian hakuwahi kuvuta. Rosina alilia bila sauti. Maximilian aliona haya, kweli aliona haya, lakini haya hiyo haikumfikisha mbali.

“Analiwazia shamba lake,” Rosina alisema. “Nirudishie, shemeji. Sina pengine pa kulima.”

Maximilian alijibu kwamba mambo ya ukoo hayaamuliwi na mtu mmoja. Alisahau kwamba hili aliliamua peke yake. Nywele zilisimama wima utosini, zikakaa hivyo kidogo, zikalala. Silvana akaleta chai.

Chupa ilipoisha, Maximilian alisema hanunui nyingine. Amechoka kuamka na tope kwenye mto. Baada ya wiki chache nywele zikaanza kukatika. Jioni moja Rosina, ambaye bado alikuwa akija kuzichana, alikuta nusu ya kile kishungi cheupe kwenye chanuo. Alikifunga kwenye pindo la khanga, kisha akamwuliza shemeji yake kama anahitaji kibarua wa shambani.

Alihitaji. Kesho yake Rosina alikuwa Kasense na jembe, akipalilia maharage kwenye matuta aliyoyapiga yeye na mumewe. Alipolipwa, alikwenda moja kwa moja kwa Halfani.

Siku hizi huja mwenyewe na chupa, asubuhi kabla ya kwenda shambani na jioni akirudi. Maximilian huinamisha kichwa, naye Rosina huzitenga nywele kwa vidole, hudondosha dawa na kumsimulia Adolfu jinsi maharage yanavyoendelea. Kishungi kimerudi. Majirani wakipita husalimia, na Rosina huwaitikia bila kuinua mikono.

“Shemeji,” Maximilian alimwambia juzi, macho yakiwa sakafuni, “kesho uanzie upande wa bondeni. Magugu yamezidi.”

Rosina alisema amesikia, akaendelea kupaka.