Maharage ya Kitandani

Chumba cha Yolande mjini, katika mtaa wa Kadutu, kilikuwa na kitanda, cherehani na mlango. Dirisha halikuwamo, na jiko ndilo kabisa. Mwenye nyumba, Citoyen, yaani Mwananchi, Alphonse, aliwahi kuunguliwa na paa, na tangu hapo moshi na yeye walikuwa maadui. Mpangaji aliruhusiwa kuwasha mbabula, lile jiko dogo la makaa, uani alfajiri tu. Citoyen akimaliza chai yake, moto uwe umezimwa.

Mwingine angejifia na chai na mikate. Yolande hakuwa mtu wa kushindwa na mbabula. Alikuwa mshonaji, na alijua kwamba pasi ukiisahau chini ya rundo la vitambaa, baadaye sana bado itakuunguza vidole. Basi akakusanya mabaki ya nguo za wateja, akashona godoro dogo nene la kufungia sufuria. Maharage aliyaloweka tangu jioni. Alfajiri aliyachemsha kwa nguvu pamoja na mawese na sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaushwa na kutwangwa, akakaza kifuniko kwa kamba, akaizungushia sufuria lile godoro, akaifunika blanketi la mtoto na kuilaza kitandani. Mchana yalikuwa yamelainika yenyewe, na bintiye Monique alikula mpaka akasinzia na kijiko mkononi.

"Nyama tutakula ku Noeli," aliwaambia majirani. "Kwa sasa maharagi inalala, shiye tunashiba."

Penye wengi hapakosi mengi. Wifi yake, Agathe, alipita siku moja, akakuta chumba hakina moto wala harufu ya moto, akarudi na maneno yake mpaka kwao Walungu. Na kijijini nyumba isiyotoa moshi ni nyumba ya njaa, hilo halihitaji maelezo. Mama mkwe, Mama Cibalonza, akatuma neno kwa dereva wa lori: siku ya soko anakuja kumchukua mjukuu wake.

Marcellin, baba wa mtoto, alikuwa Kamituga akifukua dhahabu, na kwa desturi yao mtoto ni wa ukoo wa baba. Bibi akija na kitenge cha kumbebea, nani wa kumzuia? Wala hakuwa mwanamke mwenye roho mbaya. Alikuwa amemzika mwanawe wa mwisho kwa bwaki, ule ugonjwa unaovimbisha miguu na kuzifanya nyekundu nywele za watoto wanaoshibishwa muhogo mtupu. Mtu wa namna hiyo hashindwi kwa mdomo.

"Akuye tu," Yolande alisema. "Atakula, ataona."

Alisema hivyo kifua mbele, na alikuwa na sababu. Lakini aliogopa pia, tusidanganyane. Cherehani haimwiti mtu mama.

Siku ya soko ilipofika alichemsha maharage yake vizuri kuliko siku zote, akayalaza, akambeba Monique mgongoni kwenda kumpelekea mteja gauni lake barabara ya chini. Lori la Walungu lilikuwa halijapata kufika kabla ya mchana. Siku hiyo, kwa ukaidi wake, likafika asubuhi.

Akiwa anarudi, anapandisha mlima, Yolande aliona kundi la watu likiteremka mbio. Mbele alikuwa Mama Cibalonza, miguu mitupu, furushi mgongoni limefungwa kwa kitenge kipya. Nyuma yake Citoyen Alphonse, ambaye siku hiyo hakwenda kazini na ndiye aliyemfungulia mlango, alikuwa ndani ya abacost yake, ile suti isiyo na tai, ameshika viatu vya bibi huyo.

"Mutupishe! Mutoto anakufa!" bibi alipaza sauti.

Yolande aliganda. Mtoto gani? Wake alikuwa mgongoni, anamtafunia kola. Ndipo akalitambua blanketi.

"Mama! Mama, simama!"

"Sisimame! Nimemukuta pa kitanda mu giza, iko anaungua, hata kulia hawezi tena! Weye ni mama gani?"

"Na tumbo inamukimbia, maskini," Citoyen Alphonse aliongeza, akionyesha maji ya kahawia yaliyokuwa yakichirizika kwenye kitenge.

"Mulimufunua uso?"

"Mutoto wa homa hafunuliwe ku upepo! Unafikiri nilianza kuzaa leo?"

Monique akachungulia juu ya bega la mama yake. Kwake kila mwanamke mwenye mvi alikuwa bibi, na wote walikuwa na jina moja.

"Koko!" akaita.

Mama Cibalonza alimtazama mtoto. Akageuza shingo taratibu kuutazama mgongo wake mwenyewe.

"Sasa huyu nabeba, ni wa nani?"

"Ni maharagi, Mama."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Citoyen Alphonse aliangusha viatu. Mama Cibalonza peke yake hakucheka. Aliketi kando ya njia, akafungua furushi, mvuke ukampanda usoni na harufu ya sambaza. Kisha akamtaka Monique. Akabonyeza dole gumba juu ya mguu wa mtoto, akangoja; hapakubaki shimo. Akauinua unywele mmoja juani. Ulikuwa mweusi tii. Akamfinya mkono, nyama ikajaa vidoleni.

"Moto ulifichia wapi?"

"Ni kitanda inapika, Mama."

Alichovya kidole, akalamba. Akachovya tena.

"Wa kwangu nilimupa muhogo," alisema. "Nyumba yangu ilikuwa inatoa moshi kila siku, Yolande. Moshi ilikuwa mingi sana."

Yolande aliketi kando yake. Hakuwa na hamu tena ya kushinda. Walikula hapo hapo njiani kwa mikono, watatu, na Citoyen Alphonse hakukataa alipokaribishwa.

Saa ya lori ilipokaribia walikuwa wamerudi chumbani, sufuria iko kitandani tena, na Yolande alikuwa ameshafua kitenge na kukianika kikakauka. Alikikunja vizuri, akamkabidhi bibi kwa mikono miwili, akamwachia aamue. Mama Cibalonza alikipokea, akakikunjua, akainama kitandani. Akaizungushia sufuria, akafunga fundo gumu, lile la kubebea mtoto.

"Ikae na maharagi," alisema. "Mutoto, mugongo ya mama yake iko nayo."