Kamera ya Kusitiri

Mama mkwe aliapa hapigwi picha ndani ya nyumba. Nami, fundi redio mbishi, nikaunda kamera yenye adabu: uso wa kila mwenyeji inauziba kwa ukungu, wa mgeni inauacha wazi.

Jana kopo la sukari likatoweka. Kwenye picha nikaona mkono, kopo, na uso uliozibwa kwa ukungu. Sikuelewa kichwa wala miguu. Nikafuta kioo cha kamera, nikamwomba jirani apite mbele yake: uso wazi. Akapita mke wangu: ukungu. Basi kamera nzima, labda mbovu ni mimi.

Mama mkwe, ambaye daktari kamkataza sukari, akachungulia begani kwangu.

"Ulisema itanisitiri, mwanangu," akalalamika. "Mbona mkono wangu huo?"