Kizibo Mfukoni

Fundi bomba ambaye koki ya jikoni kwake inavuja ni mtu wa kuchekwa, na mke wake alikuwa hachoki kumcheka. Tone, tone, tone, mchana kutwa ndani ya sinki, na yeye kila siku anasema kesho. Mtaani walishamwita Koki, na jina likamganda. Asubuhi ile alikuwa anafunga mkoba wa ndoana wakati mkewe aliposimama mlangoni, mikono kiunoni, akamuuliza kama huko baharini anakokwenda anajua kuogelea. Koki alicheka kwa dharau. Akasema yeye na maji hawajaanza kujuana leo.

Maji ya kwenye mabomba, lakini hilo hakulisema. Ukweli ni kwamba alikuwa hajui kuogelea hata kidogo. Maji yakimfika kifuani, miguu inamwishia nguvu. Ila uongo wenyewe alishaumwaga zamani kwenye kibanda cha Kinyozi, siku ambayo stori zilinoga na kila mwanamume akajipandisha cheo. Sasa ataurudishaje?

Safari iliandaliwa na huyo huyo Kinyozi. Mteja wake alimwazima kayaki tatu, ile mitumbwi myembamba ya plastiki yenye uwazi ndani, unakaa juu yake na kupiga kasia peke yako. Wa tatu alikuwa Shemeji, kaka wa mkewe Koki, fundi viatu, mtu mkimya ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata kando ya dimbwi. Alijialika dakika za mwisho, na Koki alikereka. Nani anataka kwenda kuvua na mtu atakayepeleka habari zote kwa dada yake?

Ufukweni ikaonekana kuna majaketi ya kuelea mawili tu. Koki akalisukuma moja kwa Shemeji, akasema wavae wanaoogopa maji. Kinyozi akampigia makofi, huku la pili ameshalivaa yeye. Halafu Koki akaikagua kayaki yake kama anavyokagua tangi: akaiinua, akafungua kizibo cha nyuma, akamwaga maji machafu yaliyokuwa yamelala ndani, na kizibo akakitia mfuko wa shati kisije kikapotea mchangani. Hapo Kinyozi akaanza kelele kwamba samaki hawana muda wa kuwasubiri. Wakasukuma, wakaondoka.

Kuvua ni kusema tu. Chambo kilirudi kama kilivyokwenda, au hakikurudi kabisa. Kinyozi, mtu asiyeweza kukaa mahali pamoja hata akinyoa, akasema samaki wako kule mbele, akaenda, wakabaki wanaona kofia yake tu. Upepo ukaongezeka. Nyumba za ufukweni zikawa ndogo kiasi kwamba Koki aliacha kuziangalia.

Akahisi makalio yamelowa. Akajiambia ni mawimbi. Baadaye akaona kila akipiga kasia kayaki inajivuta kwa uvivu, nyuma imelala na pua imeinuka. Akatulia, akasikiliza. Chini yake, ndani ya plastiki, maji yalikuwa yanacheza, mara upande huu, mara upande ule. Sauti hiyo aliijua kuliko mtu yeyote. Ilikuwa sauti ya tangi linalojaa.

Mkono ulienda wenyewe mfukoni. Kizibo hiki hapa. Tundu liko kule nyuma, limeshazama, na akijaribu kugeuka tu kayaki inataka kulala ubavu. Lahaula. Alimwona mkewe amesimama pale pale mlangoni, mikono kiunoni, anangoja mtu asiyerudi. Na hata hapo, jamani, aibu ilimfunga mdomo. Watu watamcheka mpaka siku ya kuzikwa. Kisha wimbi likampanda mapajani na kubaki hapo, akatambua kwamba ili azikwe lazima kwanza apatikane.

"Shemeji! Nazama! Sijui kuogelea!"

Kumbe Shemeji alikuwa nyuma yake tu, tena siku nzima hakuwa amekaa mbali naye. Hakuuliza kitu. Akaja ubavuni, akazikutanisha kayaki zote mbili, akavua jaketi lake na kumtupia.

"Vaa. Na usitikisike."

Koki alivaa vidole vikigombana, akamkabidhi kizibo. Shemeji akalala kifudifudi, akanyoosha mkono kulitafuta tundu, bega likazama, shavu likagusa maji, na kayaki yake ikainama vibaya. Kizibo kikamponyoka. Akakidaka kinaelea. Koki akafumba macho, akawa anasikia meno yanagongana, akadhani ni yake.

"Kimeingia," Shemeji alisema, kwa sauti ndogo sana.

Wakafunga kayaki pamoja kwa kamba, wakapiga kasia polepole mpaka chini ya plastiki pakakwaruza mchanga. Kinyozi alifika baadaye, kapu tupu, akawacheka kwamba wao hata kujaribu hawakujaribu, kisha akaenda kumtafuta mwenye kayaki. Shemeji alikuwa amekaa mchangani.

Koki akamwambia ashukuriwe Mungu kwamba angalau mmoja wao anajua kuogelea.

"Sijui," Shemeji alisema.

Akaeleza huku anatazama miguu yake. Dada yake anajua fika kwamba mumewe akiingia majini ni jiwe, anajua tangu walipooana. Ndiye aliyemwomba aende akamwangalie, kwa sababu utotoni yeye kaka mtu alikuwa akimtambia kwamba yeye ni samaki, na dada anaamini mpaka leo. Angeanzaje kumwambia sasa?

Koki aliangalia jaketi lililokuwa bado kifuani mwake. Alitaka kulifungua, akashindwa.

"Na ukanipa mimi?"

"Nilitumwa kukuangalia wewe."

Nyumbani mke alitazama kapu, akacheka, akasema afadhali alishapika. Kisha akamgeukia kaka yake na kumuuliza, nusu kwa utani, kama alimwangalia shemeji yake huko. Shemeji akainamisha kichwa. Koki akawahi kujibu.

"Aliniangalia," alisema, na sauti ikamkatika katikati.

Tone, tone, tone, ndani ya sinki. Koki hakuweza kuivumilia sauti ile. Akainuka na suruali yake iliyolowa, akachukua spana, akaipeleka kwenye koki, lakini spana ikawa inateleza na kugonga bomba. Shemeji akaja, akashika mkono wake juu ya spana, wakakaza pamoja.

Mke akauliza leo kumetokea nini mpaka koki inatengenezwa. Wao wakaendelea kukaza mpaka tone likakatika.