Mwano wa Mwenyekiti

Milembe alikuwa mwenyekiti wa taifa. Maneno hayo alipenda kuyatamka polepole, hasa akiwa kwenye foleni ya hospitali, kwa sababu ndiyo faida pekee aliyoipata katika miaka kumi na tisa ya siasa. Taifa lenyewe halikuwa na habari. Chama chake kiliitwa Chama cha Jasho na nembo yake ilikuwa tone la jasho, ambalo wapiga kura wengi walidhani ni chozi. Baada ya kila uchaguzi Milembe mwenyewe alikiri kwamba hawakukosea sana.

Aligombea ubunge mara tatu. Mara ya kwanza alipata kura mia nne, akajiona yuko njiani. Mara ya pili alipata mia mbili na kumi. Mara ya tatu alipata sitini na moja, na kwa kuwa ukoo wao una watu wazima zaidi ya themanini, alimaliza mwezi mzima akihudhuria misiba na harusi na kuwatazama ndugu zake usoni, mmoja mmoja, akijaribu kukisia. Mumewe Elia, mwalimu mstaafu, aliapa kwamba yeye alimpigia. Aliapa haraka mno.

Sasa chama kilikuwa kinakaribia kufa. Wahakiki wa msajili wa vyama walikuwa wanazunguka mikoani kukagua vyama vidogo, na barua waliyoitanguliza haikuwa na lugha ya kubembeleza: chama kionyeshe tawi moja lenye wanachama mia moja wanaoonekana kwa macho, la sivyo kifutwe. Matawi mengine yote yalikuwa yamejifia kimya kimya. Lilibaki la Mwamapalala, ambalo kwenye daftari lilikuwa na majina mia mbili na kumi na mawili, baadhi yakiwa ya marehemu. Milembe aliogopa kwelikweli. Bila Chama cha Jasho angebaki mama mmoja tu wa Bariadi mwenye maboksi mawili ya kadi chini ya kitanda.

Asubuhi ya uhakiki aliyapakia maboksi hayo kwenye gari la kukodi akaenda Mwamapalala. Ofisi ya tawi ilikuwa chumba nyuma ya mashine ya kusaga ya Masele, katibu wa tawi. Kwenye benchi walikuwa wamekaa watu kumi na mmoja. Alihesabu mara mbili, wakabaki kumi na mmoja.

"Mwangaluka, mayu," Masele alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma, macho chini.

"Mwangaluka. Wengine wako wapi?"

"Wako pamba, mayu. Msimu huu hakuna anayeacha pamba shambani."

"Uliwaambia kwamba wahakiki wanakuja leo?"

"Niliwaambia. Wakauliza kama kutakuwa na wali."

Kule barabarani vumbi lilikuwa limeshaanza kutimka. Lilikuwa gari la wahakiki. Milembe aliyatazama mashamba, akaona vichwa vya watu vikiinama na kuinuka katikati ya pamba, mamia, mbali kiasi cha kutosikia hotuba lakini karibu kiasi cha kusikia kitu kingine. Ndipo wazo likamjia.

Usukumani mtu akipatwa na hatari hupiga mwano. Ni yowe refu, na kila anayelisikia huacha alichoshika, huchukua fimbo na kukimbilia lilikotokea. Haulizi aliyepiga ni wa dini gani au chama gani. Anayebaki nyumbani hutozwa faini na sungusungu, walinzi wa kijiji. Anayepiga mwano wa uongo hutozwa fahali. Milembe, binti wa huku huku, alizijua sheria zote mbili. Ila ile ya pili aliikumbuka baadaye.

Alizunguka nyuma ya mashine, akaweka kiganja mdomoni, akapiga.

Katika miaka kumi na tisa ya kuhutubia kwa vipaza sauti vya kukodi, alikuwa hajawahi kusikilizwa hivyo. Vichwa viliinuka vyote kwa pamoja. Filimbi ikajibu upande wa mtoni, ikajibu nyingine kilimani, na watu wakaanza kuja wakikimbia, wanaume na marungu, wanawake na majembe, pamba ikiwadondoka kutoka kwenye khanga. Baada ya dakika kumi na tano uwanja wa mashine ulikuwa na watu wasiopungua mia nne. Gari la wahakiki lilikuwa katikati yao, vioo vimepandishwa.

Mzee Ngassa, mtemi wa sungusungu, alisogea mbele akihema.

"Ng'ombe wa nani wameibwa?"

Masele alikagua vidole vyake vya miguu. Milembe alinyoosha mkono juu, kama mwanafunzi.

Hapo kioo cha gari kikashuka kidogo. Mhakiki mkuu, Hanif, kijana nadhifu mwenye shati jeupe, alikuwa ameona kwamba hakuna anayempiga.

"Mwenyekiti," aliuliza, "hawa wote ni wanachama wenu?"

Ndiyo moja tu ingetosha. Uongo haukuwa mgeni kinywani mwake. Kwenye semina za vyama alikuwa ameshadai maelfu. Alifungua mdomo. Mbele yake alikuwa amesimama Kwandu, mwanamke asiyempenda tangu zamani, ambaye hakuwahi kumpigia kura na alimwambia hivyo waziwazi. Kwandu alikuwa amekimbia peku. Mguu ulikuwa unamtoka damu na bado alikuwa ameshika jembe, tayari kumsaidia. Milembe akaona aibu kubwa.

"Hapana," alisema. "Wangu ni kumi na mmoja. Hawa nimewaita mimi kwa mwano. Hakuna mwizi. Nilitaka tu muwe wengi."

Kesi iliamuliwa papo hapo, watu wakiwa wamekaa chini. Ulikuwa mkutano mkubwa kuliko yote aliyowahi kuhutubia, na ingawa yeye ndiye alikuwa mshtakiwa, alijikuta anainua mkono kwa madaha pale alipofika kwenye kujitetea. Haikusaidia. Alitozwa fahali.

"Ulipiga kama wewe au kama chama?" aliuliza Ngassa.

Hata hapo majivuno hayakumwacha. "Nilipiga kama mwenyekiti wa taifa."

"Basi fahali ni wa chama." Ngassa akamgeukia Hanif. "Na wewe, mgeni, umefuata nini?"

Hanif akaeleza. Alihitaji wenye kadi mia moja, na atakaowakuta mpaka saa kumi ndio atakaowahesabu. Wapo kumi na mmoja, kwa hiyo chama kitafutwa.

"Kikifutwa kinakuwa hakipo?"

"Hakipo, mzee."

"Na fahali wetu tutamdai nani?"

Hanif alifikiri, akasema kwamba chama kisichokuwepo hakiwezi kudaiwa kitu. Minong'ono ikapita uwanja mzima. Ngassa akamtazama Milembe bila upole wowote.

"Mayu, hizo kadi ziko wapi?"

Walipanga mstari mpaka barabarani. Kwandu alikuwa wa nne.

"Andika kabisa," alimwambia Masele, "kwamba nikishakula nyama narudisha."

Saa kumi Hanif alihesabu wanachama mia mbili sitini na watatu, akapiga muhuri.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Fahali alinunuliwa wiki iliyofuata kutoka Sapiwi, akafungwa nyuma ya nyumba Bariadi, na mpaka leo yuko pale. Ngassa hupiga simu kila mwezi.

"Mayu, fahali vipi?"

"Suala liko kwenye vikao, baba. Kamati kuu inalijadili."

Elia amechoka. "Mpeleke, mke wangu. Ni aibu. Mnyama amenenepa mpaka hapiti mlangoni pa zizi."

Milembe anajua ni aibu. Mbele ya watu mia nne aliweza kusema kweli, lakini kwa huyu mmoja mwenye pembe anashindwa. Anajua kwamba siku fahali atakapofika Mwamapalala watu watakula, watashiba, watamshukuru kwa moyo mmoja, kisha watatoa kadi mifukoni. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya siasa kuna watu wanaomngoja.

Jana jioni alimpelekea ndoo ya pumba, akamkuna shingoni.

"Kesho," alimwambia.

Na juzi alimwambia hivyo hivyo.