Pumzi ya Bibi

Nyumba yetu ilikuwa na mahakama moja tu, nayo ilikaa kwenye meza ya chakula. Hakimu alikuwa Bibi. Aliuza vidani na pete za mitumba tangu baba yangu hajaota meno, na hakuhitaji mashine kuhukumu jiwe. Alilifuta, akalipumulia mara moja, akatazama. Ukungu ukitoweka papo hapo, jiwe ni la kweli. Ukikawia, ni kioo. Mchumba wa kwanza wa Shangazi aliapa kwamba pete yake ni ya yakuti. Ukungu ukakawia, naye akaondoka na pete yake mfukoni.

Sasa alikuwa anakuja wa pili, fundi saa. Pete yake yenye jiwe la buluu ilikuwa tayari kidoleni mwa Shangazi, ambaye asubuhi hiyo alinivuta jikoni.

"Ni kioo," akanong'ona. "Bibi yako akijua, nimekwisha. Na huyu simwachi."

Nilitafakari kwa uzito unaostahili. Bweni limenifundisha mambo mengi, machache kati yake darasani. Mojawapo ni hili: paka sabuni kavu kwenye kioo cha bafuni, kisugue kwa kitambaa mpaka king'ae, nacho hakishiki ukungu hata wenzako wote wakioga maji ya moto.

"Lete hiyo pete," nikasema.

Alasiri mahakama ikaketi. Fundi saa alikaa wima, mikono magotini. Bibi akapandisha miwani kwenye paji la uso, akaipumulia pete. Hakuna ukungu. Akapumua tena. Hakuna.

Shangazi akaanza kutabasamu. Mimi nikatazama dari, kama wafanyavyo wasio na hatia.

"Ajabu," akasema Bibi. "Jiwe la kweli hushika ukungu kidogo, kisha likauachia. Hili halishiki kabisa." Akalinusa. "Linanukia kufuliwa." Akamgeukia fundi saa. "Kumbe na wewe baba ni wale wale."

Hapo mzaha ukaniishia. Nilikuwa nimempaka mtu wa watu matope kwa kutumia sabuni.

"Ni mimi, Bibi. Yeye hajui lolote."

"Mambo ya sabuni siyajui," akasema fundi saa taratibu. "Lakini Mama, mnapima nini? Hicho ni kioo. Nilikitazama kwa lenzi yangu ya kazini kabla sijakinunua, ndani mna vipovu viduchu vya mviringo. Nilimwambia binti yako siku ileile."

Bibi akamtazama mwanawe. "Ulijua?"

"Nilijua, nikaivaa. Niliyekuwa namwogopa ni wewe."

Bibi akaiosha pete kwenye glasi ya maji, akaifuta, akaipumulia. Ukungu ukatulia juu ya jiwe kama mgeni aliyesikia harufu ya chakula. Aliungoja mpaka ukaondoka wenyewe.

"Yule wa kwanza sikumfukuza kwa ajili ya kioo," akasema. "Nilimfukuza kwa sababu aliapa." Akamrudishia Shangazi pete. "Vaa, mwanangu."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mke mwenzangu, fundi wa vioo. Madirisha yote yanakungoja. Sabuni unayo."

Fundi saa akainuka ili anibebee ndoo. Bibi akamshika mkono.

"Kaa, baba. Chai yako inapoa."