Shairi la Viazi Gizani

Neeltje alikuwa amechoka, tena uchovu ule usioondoka kwa usingizi. Alikuwa ameandika vitabu saba, vya mashairi na riwaya, vyote kwa jina la Evert Santman, mwanamume asiyekuwepo, na kwao, mkoani Zeeland, hakuna aliyejua. Alianza kujificha kwa kuogopa ulimi wa mama yake, akazoea, mpaka kujitokeza kukawa kazi.

Sikukuu ya Mtakatifu Nikolaasi ndiyo iliyomtesa zaidi. Kila mtu huokota kikaratasi chenye jina la mwenzake, akamtungia shairi la utani, akalifunga pamoja na zawadi kwa sahihi ya Mtakatifu. Aliyetungiwa hulisoma kwa sauti, na mtungaji hatajwi. Miaka yote Neeltje alitunga ovyo makusudi, vina vya kulazimisha, asije akatambulika. Wakamcheka. Mshairi mzima, jamani!

Mwaka huu aliokota jina la mama, na mama alikuwa mgonjwa wa kutopona. Akasema moyoni, liwalo na liwe. Akatunga kwa moyo wake wote. Safari hii alitaka mama amjue.

Sikukuu ilipofika, mama yake, Bibi Pieternella, akavaa miwani, akasoma. Utani haukuwamo. Ilikuwamo mikono yake ikimenya viazi gizani kwa kubana matumizi ya taa, na watoto wakidhani mama anapenda giza. Katikati sauti ikamkatika. Watu wakaacha kutafuna biskuti.

"Krijn," alisema, akimgeukia kitinda mimba wake. "Kumbe ulikuwa unaniona, mwanangu."

Krijn alifungua mdomo, akayaona machozi ya mama, akaufunga.

"Utanisomea hili siku ya kunizika. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Na wewe Neeltje, usininunie. Si kila mtu kajaliwa. Hebu lete kahawa."

Neeltje akaenda jikoni. Krijn akamfuata.

"Dada, mimi niliokota jina la mke wangu. La Mama uliokota wewe?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu! Twende tukamwambie."

Kule sebuleni mama alikuwa akilirudia shairi peke yake, polepole, kama mtu anayeogopa litaisha.

"Mwache," Neeltje alisema. "Amefurahi."

Akapanga vikombe kwenye sinia.

"Ila siku ya mazishi usilisome mbio, Krijn. Ukifika pale kwenye viazi, tua kidogo. Vuta pumzi."